Miguu ya Watu Ukutani

Mwaka 2014, msimu wa kuvuna pamba, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na saba. Atakayesoma habari hizi asishangae nikiuita mwaka huo mwaka wa ujana wangu. Wenzangu waliingia darasa la kwanza wakiwa na meno ya utoto. Mimi nilishika kalamu kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka thelathini na minane, katika darasa la watu wazima mjini Bariadi, na mwaka huo ndio niliokuwa nikijiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ule wa wanaotafuta kidato cha nne bila kupitia sekondari, nimeketi dawati moja na wasichana ambao mama zao nilikuwa nimecheza nao. Mambo ambayo wengine huyaonja wakiwa na miaka kumi na saba, kama vile kuona jina la mtaa na kulisoma bila kumuuliza mtu, au kubishana na gazeti, mimi niliyaonja wakati huo, nywele zikianza kuwa nyeupe. Mume wangu, Mwalimu Hamisi, alikuwa na miaka hamsini na tisa, na mwaka mmoja tu ulibaki astaafu kufundisha. Ndipo alipopewa ukuta.

Nayaandika haya kwa sababu ya simu niliyopigiwa mwezi wa Februari, mwaka mmoja baada ya kumzika. Aliyepiga alikuwa fundi aliyepewa kazi ya kukarabati ukumbi wa jengo lile la serikali ambalo kuta zake mume wangu alizipamba kwa picha za historia ya mkoa wetu. Alikuwa mtu wa adabu. "Shikamoo mama. Kuna yule mama mwenye kapu, katikati ya njia, karibu na mlango. Lipu imebanduka, uso wote umeondoka. Tunataka kumrudishia. Alikuwa anatazama upande gani?" Nikamwambia asiguse kitu, nakuja. Nilivaa kanga nzuri, nikachukua bodaboda, nikaingia ukumbini nikiwa peke yangu kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Harufu ilikuwa ileile, ya chokaa, viti vya plastiki na vumbi la pamba linaloingia kwa madirisha. Nikamwambia fundi, "Usihangaike na uso, mwanangu. Tazama miguu." Hakunielewa, na sikumlaumu. Hata viongozi waliokaa ukumbini humo kuijadili miguu ile, walichelewa kuielewa.

Mkoa wa Simiyu wakati huo ulikuwa bado mchanga. Watumishi walikuwa wakiletwa kutoka kila pembe ya nchi, na ofisi nyingi zilikuwa katika nyumba za kupanga. Jengo hili lilipokamilika, Bi. Tumaini, afisa aliyeshughulikia mambo ya utamaduni, binti wa Mbeya mwenye sauti ndogo na msimamo mkubwa, aliiambia kamati ya jengo kwamba mwananchi anayetoka Ipililo au Kimali akiingia ukumbini na kukuta ukuta mweupe atadhani amekuja zahanati kuchomwa sindano. Akataka kuta zichorwe historia ya watu wa hapa. Kamati ikakubali, kisha ikauliza nani atachora, na mtu mmoja akasema yupo mwalimu wa sanaa, Muha wa Ujiji, aliyeoa hapahapa. Huyo alikuwa mume wangu. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa ameandika majina ya maduka, amechora kuku kwenye vibanda vya chipsi, ramani ya Afrika kwenye kuta za shule na mapafu ya binadamu kwenye maabara ambazo hazikuwa na kifaa kingine chochote. Hakuwahi hata siku moja kuambiwa, "Ukuta ni wako, chora." Siku alipoambiwa, Jumatatu tarehe 9 Juni, alirudi nyumbani akala wali wake wa mawese, akaosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akilifanya, kisha akaniambia, "Mama, nitahitaji ulimi wako."

Alimaanisha Kisukuma changu. Yeye, pamoja na miaka yote aliyoishi nasi, alijua salamu na majina ya vyakula tu, na aliposalimu "mwadila" watoto wa jirani walicheka. Basi nikawa mkalimani wake. Tulikwenda Ipililo, akaketi na wanawake waliokuwa wakipepeta mtama, akachora mikono yao kwenye karatasi mpaka mmoja akaniuliza kwa Kisukuma kama mume wangu hajawahi kuona mikono. Tulikwenda Kimali, akasimama kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe tangu asubuhi, akichora pembe. Mfugaji mmoja akamwonya, "Mwalimu, huyo fahali ukimchora pembe fupi, mwenye mali atakuja kukudai pembe zake." Jioni, badala ya kupumzika, alinitaka nimweleze tena kila kilichosemwa, neno kwa neno, na mimi, kwa kuwa sasa niliweza kuandika, niligundua kwamba lugha ya mama yangu, ambayo hakuna aliyenifundisha shuleni, nilikuwa naifikiria kwa mara ya kwanza. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo. Elimu niliyoipata nikiwa nimeketi ubavuni mwa mtu huyo akiuliza maswali, sijaikuta kwenye kitabu chochote.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Wachoraji wengine, aliniambia, huanza na kichwa. Yeye alianza na miguu. Alichora nyayo kwanza, zote, safu nzima ya nyayo zisizo na watu, kisha magoti, kisha viuno, na nyuso zilikuja mwisho. "Mtu akishasimama sawasawa," alisema, "uso utamjia wenyewe." Kwa kuwa mafundi wa umeme walikuwa bado wanatoboa kuta na vumbi lilikuwa jingi, kila alichomaliza alikifunika kwa turubai. Mimi nilipomletea chakula cha mchana, ndizi au ugali na mlenda, niliona kipande alichokuwa nacho siku hiyo tu. Tulikula tumeketi kwenye mbao za jukwaa, miguu ikining'inia, juu ya ukumbi mtupu uliorudisha sauti zetu, na kwa majuma kadhaa nilichokiona cha ukuta mkubwa kuliko zote, ule wenye mlango, ni nyayo.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo kwa Msukuma halihitaji maelezo. Sisi tuna vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Kila mtu anajua baba yake alikuwa upande gani. Baada ya mavuno vikundi vya pande hizi mbili hukutana uwanjani na kucheza kwa wakati mmoja, mkabala, kila kikundi na ningi wake, yaani kiongozi anayetunga na kuimba. Hakuna jaji wala alama. Watazamaji ndio hukumu. Wanasimama wanapopenda, wanahama wakichoka, na jua likishuka, kikundi chenye watu wengi mbele yake ndicho kilichoshinda. Kwa ajili hiyo watu wametafuta nyimbo, vichekesho, nyoka wa kucheza nao, na dawa za kuvuta watu. Kaka yangu Masanja, mkubwa wangu kwa miaka sita, ni ningi wa Bagika kule kwetu Nkoma. Nimekulia katika ngoma hiyo kama wengine wanavyokulia katika kanisa.

Alhamisi tarehe 7 Agosti maturubai yalishushwa ili kamati ione. Masanja alikuwa ameingia mjini asubuhi hiyo na kiroba cha choroko kwa ajili yetu, nikamwambia twende akaone kazi ya shemeji yake. Tuliingia. Kulikuwa na mtemi amekaa, wazee wamechuchumaa mbele yake wakisubiri habari ya mvua. Wanawake wa Ipililo walikuwa na nyungo zao, na makapi yanayoruka ungedhani yatakuingia machoni. Kulikuwa na marobota ya pamba, na mizani, na mkulima anayeitazama mizani kwa shaka ambayo kila mkulima wa pamba anaijua. Masanja alicheka mbele ya ng'ombe. "Huyu wa Kimali kabisa," alisema. "Namfahamu mpaka mwenye naye." Halafu akafika kwenye ukuta wa mlango, ambako mume wangu alikuwa bado anaosha brashi, na kicheko kikaisha.

"Shemeji," alisema, "hawa wa kushoto, kabla ya mlango, ni akina nani?"

"Bagika, shemeji. Mavazi nimeyafuata kama ulivyonielekeza."

"Na wale mwisho kule kulia?"

"Bagalu."

"Na watu hawa wote walio katikati?"

"Watazamaji."

"Wanatazama wapi?"

Mume wangu alidhani kaka yangu haoni vizuri, akamwonyesha kwa ncha ya brashi. "Huku, shemeji. Kulia. Upande ule kuna mlango, mtu huwezi kumsimamisha akitazama mlango."

Masanja aliutazama mlango, juu mpaka chini. "Kwa hiyo sisi tumeshindwa na mlango," alisema.

Ndipo na mimi nilipoona. Umati mzima, watu wa kila rika, waliochorwa kwa upendo kiasi kwamba niliwatambua mmoja mmoja, muuza maziwa wetu, mwalimu wangu wa hesabu, mzee kinyozi, wote walikuwa wamewapa Bagika mgongo na kuwakabili Bagalu. Kwa mgeni ilikuwa picha ya sherehe. Kwa yeyote aliyezaliwa kwetu ilikuwa matokeo. Na kaka yangu alikuwa hajamaliza. Alisogea karibu. "Na huyu wa mbele kabisa mwenye kapu, anayepiga vigelegele? Si Minza huyu?" Nilikuwa mimi. Mume wangu alikuwa amenificha humo kama zawadi, aniambie siku ya ufunguzi. "Mtoto wa tumbo moja na mimi," Masanja alisema taratibu, "dada wa ningi, anawapigia vigelegele Bagalu, ndani ya ofisi ya serikali." Akaniachia kiroba cha choroko mkononi, akatoka.

Habari ilifika Nkoma kabla yake. Jumapili Bagalu walikuja na tela la trekta, wakaomba kwa heshima kuona picha. Kiongozi wao, Mzee Ndaki, mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza iliyoimba viwanja vyote kuanzia Maswa hadi Meatu, alimshika mume wangu mikono yote miwili. "Mwalimu, wewe ni Mgalu wa damu."

"Mzee wangu, mimi ni mtu wa Ujiji."

"Ndiyo maana. Mgeni hana sababu ya kusema uongo."

Nje ya jengo wakaimba wimbo mpya, kwamba macho ya serikali hayana ukungu, yameona na yameandika ukutani. Sokoni wanawake wa nyanya walianza kuniita mayu, yaani mama, kwa kunichokoza: "Mayu Minza, vigelegele havijakukauka?" Nilicheka nao, kwa sababu usipocheka unaongeza. Lakini Masanja alipokuja tena mjini alinisalimu akiwa nje ya ua, akakataa kiti, akasema watu wake wanauliza Bagalu waliweka dawa gani kwenye rangi. Hakuwa anatania. Alikuwa na wazee nyuma yake ambao wangeweza kumvua uningi kwa aibu ya dada yake, na alinieleza hivyo waziwazi, akitazama pembeni.

Kamati ilikutana. Bi. Tumaini alinitaka niwepo ili nitafsiri, na hivyo ndivyo nilivyoingia katika kikao cha serikali kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikiwa na daftari langu la darasani nisijue pa kuliweka. Mwenyekiti alikuwa mtu wa Tanga, mpole. Alisikiliza pande zote, kisha akavua miwani. "Ndugu zangu, sisi tuliagiza historia. Hatukuagiza matokeo." Bi. Tumaini akapendekeza waongezwe watu upande wa Bagika hadi walingane na wa pili. Mume wangu alijaribu kwa penseli juu ya mlango, mahali pekee palipokuwa na nafasi. Mzee Ndaki akasema wale wanaelea kama popo. Masanja akasema akihesabu vizuri, upande wa Bagalu bado umezidi. Ndaki akasema hao waliozidi ni watoto, na watoto hawahesabiwi. "Wanahesabiwa wakiwa kwenu," Masanja alijibu. Mwenyekiti akasubiri wanyamaze. Kisha akatoa uamuzi ambao siwezi kuuita wa dhuluma: ukumbi utafunguliwa Jumamosi tarehe 13 Septemba; kama wazee hawa wawili hawatakuwa wamekubaliana kufikia siku hiyo, ukuta wa mlango utapakwa rangi ya krimu kama korido, kwa sababu serikali haiwezi kukaa chini ya picha inayogawa watu.

Nilirudi nyumbani na mume wangu kwa miguu. Ukuta huo ulikuwa mkubwa kuliko nyingine zote tatu, na ndio alioungojea. Nilitarajia alaumu mlango, au kaka yangu, au mila zetu. Wengi wa waliotoka mbali kuja kufanya kazi kwetu hulaumu mila zetu. Aliketi kwenye kigoda chake uani, akavua viatu, akasema, "Nimetoa hukumu mahali ambapo sikuitwa kuhukumu." Basi. Niliishi na mtu huyo miaka ishirini na tisa na sikuwahi kumheshimu kuliko saa hiyo.

Niliwaalika wazee wote wawili nyumbani mchana, Jumanne ya kwanza ya Septemba. Haikuwa rahisi. Msimu wa ngoma kaka yangu hali chakula ambacho hakukiona kikipikwa, na Ndaki ni vilevile, kila mmoja akiihofia dawa ya mwenzake. Basi nilipika uani, mbele ya macho yao, michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, nikavichemsha na karanga za kusaga kwenye chungu kimoja, nikawaacha wachungulie chunguni kadiri walivyotaka, kisha nikala wa kwanza. Ndaki alinitazama nikimeza. "Mayu, unakula kama shahidi," alisema. Masanja alitabasamu kabla hajakumbuka kwamba amekasirika. Wakala. Na kwa kuwa walikuwa wanakula, wakaanza kuzungumza kwa Kisukuma kama wanaume waliojuana tangu wakiwa wachunga ndama.

"Mwaka ule Nkoma," Masanja alisema, "uliwavuta watu kwa dawa."

"Niliwavuta kwa wimbo. Wewe ulianza kuimba jua halijapanda, mchana ukawa huna sauti, unabweka."

"Lakini walianza kwangu."

"Walianza kwako, wakamaliza kwangu. Mtu huzikwa anapomalizia."

Mume wangu alikuwa ameketi mkekani, bakuli mkononi, akitazama midomo yao kama mtu anayetazama mpira nje ya uzio. Nilikuwa nikimtafsiria kwa sauti ya chini. Ndipo Ndaki, akipangusa vidole, akasema jambo bila kumkusudia mtu. Alisema kushinda kwenyewe hakukuwa na utamu mkubwa; kunakuja jioni, umechoka, koo limekauka, unataka maji tu. Utamu ulikuwa asubuhi. Mmeshawamba ngoma, mmeshaanza, na kule mlimani mnaona vumbi, watu wanateremka na njia, hawajafika, wanasikia ngoma zote mbili. "Hapo kila ningi anaamini wanakuja kwake," alisema. Kaka yangu akasema, "Hapo kweli." Yalikuwa maneno ya kwanza waliyokubaliana tangu Agosti.

"Wamesema nini?" mume wangu aliuliza. Nikamtafsiria yote, vumbi na mlima na asubuhi. Akaweka bakuli chini. "Waulize," alisema, "wakiwa njiani vile, miguu yao inaelekea wapi?"

Nikawauliza. Wazee wale walitazamana, wakaangua kicheko. "Mwambie shemeji," Masanja alisema, "inaelekea mbele. Itaelekea wapi na mtu anatembea?"

Kesho yake alianza kukwangua. Hakukubali mtu mwingine aguse. Nilimletea chakula nikamkuta akimkwangua muuza maziwa kwa kisu cha lipu, pole pole, kuanzia usoni kushuka chini, kinyume kabisa na alivyomchora. Zilikuwa nyuso bora kuliko zote alizopata kuchora katika maisha yake. Nasema hivi nikiwa nimeona kazi zake zote. Nilimuuliza kama hasikii uchungu. Akanijibu, "Nilichora vizuri pasipo pake. Uzuri wake haunisaidii." Vumbi la rangi lilimkaa kwenye ndevu, nyekundu na buluu. Mimi mwenyewe alinikwangua wa mwisho, na alipofika kwenye uso wangu alinitaka nigeuke nitazame dirishani. Sijui ilikuwa kwa ajili yangu au kwa ajili yake.

Kisha akarudi kwenye nyayo. Juu ya mlango, pale walipokuwa wakielea wale popo, akaweka mlima, na kutoka mlimani njia ya vumbi inayoteremka, inapinda ubavuni mwa mlango na kufika chini kabisa, sakafuni, katikati ya Bagika na Bagalu. Watu aliwarudisha juu ya njia hiyo, wadogo kule mbali, wakubwa karibu, na nyayo zote, safu kwa safu, zilikuja mbele, kwetu sisi tuliosimama ukumbini. Ningi wa kushoto amenyanyua mkono kuwaita. Ningi wa kulia amenyanyua mkono kuwaita. Na mtu yeyote anayeingia kwa mlango ule anatokea kando ya njia ileile, kana kwamba ameteremka na wenzake.

Jumamosi tarehe 13 Septemba 2014 ukumbi ulijaa kabla ya viongozi kufika. Kabla ya lolote, mwenyekiti aliwaomba wazee wawili waukague ukuta. Hawakutazama nyuso. Waliinama, mikono mgongoni, wakaanza kukagua miguu, mmoja akianzia kushoto, mwingine kulia, na watu zaidi ya mia waliwatazama wazee wawili wakinusa ukuta. Karibu na katikati Ndaki alisimama. "Huyu mtoto," alisema. "Kidole chake gumba kinaelekea kwa Bagika."

"Mtoto ana akili huyo," Masanja alisema bila kuinua kichwa.

Mume wangu alikwisha chovya brashi. Ndaki akamzuia. "Mwache, Mwalimu. Watoto hawahesabiwi." Ukumbi ukacheka, pande zote mbili, na nikajua kwamba ukuta umepona.

Mwenyekiti akasoma uamuzi kwa Kiswahili: kwamba picha za ukumbi zimekubaliwa kama zilivyo, kwamba hakuna mtu atakayeongeza wala kupunguza kitu katika ukuta wa mlango bila wazee wa pande zote mbili kuwepo, na kwamba shauri limefungwa. Kisha akageuka akanipa karatasi. "Mama Hamisi, tusomee kwa lugha ya nyumbani." Nilikuwa sijapata kusoma mbele ya watu wazima nje ya darasa. Nilisimama. Nilisoma kwa macho Kiswahili na kutamka kwa mdomo Kisukuma, sentensi kwa sentensi, na sikukwama. Nilipomaliza, bibi mmoja wa Nkoma aliyekuwa mbele alisema, "Wabeja, mayu," kama unavyomshukuru mtu aliyekuletea maji. Nilipata vyeti baadaye, na nimevitundika. Hakuna kilichonipa nilichopewa na bibi yule.

Watu walipoanza kusogea, niliona jambo ambalo limeendelea kila mkutano hadi leo. Bila kuambiwa, waliotoka kwenye koo za Bagika walikwenda kukaa chini ya Bagika, na wa Bagalu chini ya Bagalu, wakitaniana kuvuka nafasi iliyobaki wazi katikati. Watumishi wa kutoka mikoa mingine walisimama wasijue pa kukaa. Mume wangu alibaki mlangoni, shati lake jeupe likiwa na doa la buluu kwenye mkono, na Ndaki na Masanja wakamwita kwa pamoja, kila mmoja kutoka upande wake, mikono imenyanyuliwa kama wale wa ukutani. Hakwenda kokote. Alikuwa anacheka.

Masanja akanijia. Alisimama chini ya picha, akamtazama yule mwanamke mwenye kapu, ambaye sasa yuko njiani, mguu mmoja umeshakanyaga, mwingine umenyanyuka na haujatua. Uso wake haukuwa umegeukia popote. Kinywa kimefungwa, hakuna vigelegele. Kaka yangu aliinama akaukagua mguu ulionyanyuka kwa muda mrefu kuliko mingine yote, kisha akaninong'oneza, kwa sauti aliyokuwa akiitumia tulipokuwa watoto:

"Minza. Unakwenda wapi pale?"

"Bado nasikiliza, kaka," nikamwambia.